Mistari Miwili ya Chupa

Kaka yake Bi Plagi, wa tumbo moja, alisimama mlangoni mwa karakana ya marehemu baba yao, mbele ya watu kumi na wanne, akasema: "Injini ya seremala kaiunguza dada yangu. Mimi sikuigusa." Ulikuwa uongo. Aliyeiunguza ni yeye, na alijua, na wakati anasema hivyo alikuwa anamtazama dada yake machoni. Watu wakamwamini. Yeye ndiye mwanaume, ndiye mwenye ovaroli ya kalamu tatu mfukoni, ndiye aliyejiita Injinia. Dada mtu hakuwa na darasa hata moja.

Wiki ileile akatolewa karakanani. Baba yake alikuwa amempa jina la Bi Plagi tangu utotoni, kwa sababu wenzake wakibembeleza wanasesere, yeye alibembeleza plagi za injini zilizokufa. Jina hilo mtaa ukalifuta, ukamwita Mama Moshi.

Miaka tisa alikaa nyuma ya nyumba yake, chini ya kibanda cha mabati manne, akitengeneza pampu za maji na mashine za kukatia majani. Walimletea vitu ambavyo hata vikifa hakuna wa kuvililia. Alivifufua, wakavibeba, na kesho yake wakamwita Mama Moshi vilevile. Akameza. Mate machungu nayo ni mate, huteremka.

Asubuhi moja alikuwa amechuchumaa anasafisha kabureta kwa mswaki wa zamani, akasikia hodi. Ni binti wa seremala, yule mrefu, mwenye viatu vya kamba, ambaye kazi yake ilikuwa urubani. Kwa miaka minne alikuwa akirusha vindege vya watu wengine.

"Karibu. Pampu iko wapi?"

"Sina pampu, mama. Baba amemaliza ndege."

"Ndege gani?"

"Ya watu wawili. Mabomba, mbao na kitambaa. Imebaki injini tu."

"Imebaki injini tu," Bi Plagi akarudia, bila kuinua kichwa. "Hiyo ni kama kusema bwana harusi yuko tayari, kimebaki kichwa."

Rubani akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Kisha akasema lililomleta. Injinia alikuwa ameleta injini moja ndogo, inang'aa, na baba yake anaisifu asubuhi na jioni. "Lakini atakayekaa nyuma ya injini hiyo ni mimi. Si baba, wala si kaka yako. Nataka sikio la pili."

"Hujasikia ninavyoitwa?"

"Nimesikia. Nimesikia pia pampu ya jirani yetu. Uliitengeneza miaka saba iliyopita, mpaka leo hakuna aliyeigusa kwa spana."

Bi Plagi akaweka mswaki chini. Moyoni mwake, palepale, alitaka mambo mawili: msichana huyu asianguke, na kaka yake aanguke. Hayo mawili aliyaona kama jambo moja.

Kwa maana na yeye alikuwa na injini. Kibandani, chini ya turubai, ilikaa injini ya gari dogo la zamani, silinda nne zimelala mbili huku na mbili huku, ya kupozwa kwa upepo tu. Aliikusanya kipande kwa kipande ndani ya miaka ile tisa, akaipenda kama mtoto wa uzeeni. Ilipounguruma, paka wa nyumbani alilala kando yake asiamke, sauti ilivyokuwa tulivu.

"Mwambie baba yako," akasema, "nakuja na ya kwangu."

*

Karakana ya seremala ilinuka gundi na vanishi. Ndege ilisimama katikati ya milango na vitanda ambavyo havijakamilika, mabawa yameegeshwa ukutani, mdomoni pana tundu la kusubiri injini. Seremala mwenyewe alikuwa ameikodolea macho kama mkwe mpya. Hakumwamkia Bi Plagi vizuri. Injini iliyoungua mwaka ule ilikuwa ya msumeno wake, na kinyongo chake kilikuwa kizima.

Injinia alifika na mama yao, amemshika mkono, ili aje ashuhudie sifa za mwanawe. Mama akapewa stuli karibu na mlango, akaweka fimbo yake mapajani.

"Mdogo wangu!" Injinia akasema kwa sauti ya sokoni. "Umetuletea injini ya ndege au jiko la kuni?"

"Nimeleta ya kufanya kazi. Kioo cha kujitazamia umeleta wewe."

"Mmeanza," mama akasema. "Hata hamjaniuliza kama nimekula."

Mchoro wa ndege, ambao rubani aliusoma kwa sauti, ulisema injini isizidi kilo sabini. Seremala alikuwa ameazima mizani ya kuning'iniza magunia. Wakaitundika injini ya Injinia kwenye boriti: kilo thelathini na sita. Wakaitundika ya Bi Plagi: sitini na mbili.

"Zote zinapita!" seremala akapiga makofi. Akaitazama ile ya gari, akaizunguka, na hata kinyongo kikamsahau kidogo. "Sasa kama zote zinapita, mwenye akili huchukua kubwa. Silinda nne, jamani!"

Uso wa Injinia ukasinyaa kama embe bovu. Bi Plagi akahisi kitu kifuani ambacho hakikuwa kimepita hapo miaka tisa. Ameshinda kabla hata ya injini kuwashwa.

Kisha jicho lake likaangukia kwenye sanduku alilokuja nalo. Humo mlikuwa na bomba la moshi, kabureta, mota ya kuwashia, kitovu cha panga linalozungushwa na injini, chuma cha kufungia injini mwilini mwa ndege. Vyote hivyo havikuwa mizanini. Wala oili haikuwamo. Seremala alikuwa amefanya kosa la kiseremala: mlango hupimwa kabla ya bawaba na kitasa, na mlango hauruki.

Angeweza kunyamaza. Hakuna mwingine aliyeona. Injinia, na kalamu zake tatu, hakuona.

Akageuza kichwa. Rubani alikuwa ameshaingia ndani ya ndege isiyo na mabawa, amefumba macho, mkono uko kwenye usukani wa fimbo, midomo inafanya "vruuu, vruuu" kama mtoto wa miaka mitano. Bi Plagi akamtazama kwa muda.

"Zivisheni nguo," akasema.

"Nani?" seremala akauliza.

"Injini. Mmezipima uchi. Mtu ukimpima kwa ajili ya mtumbwi, mpime na mizigo yake."

Wakazivisha. Wakafunga mabomba, wakatia ya Bi Plagi oili, wakatundika panga. Ya Injinia ilihitaji rejeta na maji yake, na giaboksi ya kupunguza kasi ya panga, ikafika hamsini na sita. Ya Bi Plagi wakaitundika, boriti ikalia, mshale ukapita sabini bila kusalimia, ukasimama themanini na tatu.

"Hiyo italima viazi kwa pua," seremala akanong'ona.

Injinia alicheka mpaka kalamu moja ikadondoka. "Mama, umeona? Kajipalia makaa mwenyewe! Mimi nilikuwa nimenyamaza zangu!"

"Ulikuwa hujui zako," mama akamjibu, lakini hakuna aliyemsikiliza.

Bi Plagi aliishusha injini yake taratibu, akaifunika turubai. Alijua alilofanya, na hakulijutia, ila lilimuuma kama jino.

*

"Basi mjadala umekwisha," Injinia akasema.

"Haujakwisha. Nyepesi ni nyepesi. Nzima ni nyingine." Bi Plagi akamgeukia rubani. "Safari yako ndefu ni saa ngapi?"

"Saa moja."

"Na nusu saa ya kutafuta pa kutua, mvua ikikuzuia. Basi iungurume saa moja na nusu, imefungwa panga, bila kupumzika. Injini ikikohoa chini unaita fundi. Ikikohoa juu unamwita nani?"

Nyuma ya karakana palikuwa na tela bovu. Wakalijaza mawe, wakalifunga kwa mnyororo kwenye nguzo, wakaifunga injini ya Injinia juu yake. Injini hiyo ilikuwa ya aina ya kuchanganyiwa oili ndani ya petroli. Haina oili nyingine ya kunywa. Hicho kidogo kinachokuja na petroli ndicho kinacholainisha pistoni. Kikipungua, chuma husugua chuma.

Injinia akachukua dumu la petroli la lita tano, akafungua kopo la oili, akainamisha. Oili ikateremka kidogo, ikakatika. Akachungulia kwa jicho moja. "Inatosha."

"Hupimi, kaka?"

"Nipime na nini?" Akageukia wenzake. "Jamani, huyu zamani alikuwa anapima oili kwa chupa ya kunyonyesha! Chupa ya mtoto, ina mistari, ina picha ya sungura! Mdogo wangu, unayo mpaka leo?"

"Ninayo."

"Injini hainyonyi!"

Watu wakacheka. Seremala alicheka. Hata rubani alitabasamu, kisha akajizuia. Chupa ilikuwamo kwenye mfuko wa Bi Plagi wakati huohuo, imevingirishwa kwenye kitambaa. Hakujua kusoma namba, lakini mstari ni mstari, hauhitaji darasa: mistari miwili kwa dumu la lita tano, na pistoni haijawahi kumlalamikia.

Aliuliza mara moja. Mara ya pili hakuuliza. Tela halipai, hakuna wa kuanguka, akajiambia, acha injini iseme yenyewe. Hilo alilifanya kwa kusudi, na lilikuwa lake kubeba.

Injini ikawaka kwa mara moja. Mungu wangu, upepo! Panga lilizunguka likafagia ua mzima. Maranda ya mbao yakapaa kama nyuki waliochokozwa, kilemba cha mama kikamtoka kichwani kikaenda kunasa kwenye mti wa jirani, kuku akapita anatembea kinyumenyume. Mama akashika kichwa chake cha mvi kwa mikono miwili akicheka bila meno. Rubani alikuwa anarukaruka. Hata Bi Plagi, na uchungu wake wote, alicheka, maana sauti ya injini nzuri haiangalii iko mikononi mwa nani.

Dakika arobaini zikapita. Seremala alikuwa anamsifu Injinia sikioni. Ndipo Bi Plagi akainua uso.

Sauti ilikuwa imepanda kidogo. Imekuwa nyembamba, kama mtu anayeongea huku amebana pumzi. Wengine hawakusikia kitu. Bi Plagi akatembea, hakukimbia, akafika kwenye tela, akazima.

Kimya kikaanguka. Maranda nayo yakaanguka.

"Unazima nini?" Injinia akafoka. "Ilikuwa inaimba!"

"Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka."

"Wivu huo! Wivu tu!"

"Nipe spana ya kumi na tatu."

Rubani ndiye aliyempa. Injini iliachwa ipoe, na ilipopoa Bi Plagi akaifungua, nati kwa nati, akizipanga juu ya kitambaa kama mama anayepanga vyombo vya wageni. Akaitoa pistoni moja, akainyanyua kwenye mwanga. Ubavuni ilikuwa na michirizi ya wima inayong'aa, kama imekwaruzwa na paka. Dakika tano nyingine ingenata.

Seremala aliitazama pistoni ile. Kisha akaingia karakanani, akatoka na pistoni nyingine, nyeusi ya siku nyingi. Ilikuwa ya msumeno wake. Miaka tisa aliitumia kuzuia michoro isipeperuke, na kila alipoishika alimlaani Mama Moshi. Akaziweka mbili zile bega kwa bega kwenye kiganja. Michirizi ileile, ubavu uleule.

"Siku ile," akasema polepole, "nani aliyechanganya oili?"

Injinia akatazama kalamu zake.

"Yuleyule aliyechanganya leo," mama akasema kutoka kwenye stuli.

Wote wakageuka.

"Nilikuwa nimekaa palepale mlangoni mwa karakana ya baba yenu, nachagua mchele. Nilimwona anamimina kwa jicho. Dada yake hakuwapo hata." Mama akaipiga fimbo chini. "Nikanyamaza, kwa kuwa huyu ndiye mwanaume aliyebaki nyumbani. Nimekula kimya hicho miaka tisa, wanangu, na hakishibishi."

Bi Plagi akaiweka spana juu ya kitambaa, kando ya nati. Seremala akavua kofia yake, vumbi la mbao likamwagika mabegani.

"Bi Plagi," akasema, na hilo jina alilitafuta kama mtu anayetafuta ufunguo wa zamani. "Nilikuita Mama Moshi mbele ya watoto wangu. Nisamehe."

"Nimekusikia," Bi Plagi akajibu. Kusamehe ni kazi nyingine, haikuwa ya siku hiyo.

"Na takataka hii itolewe uani kwangu," seremala akaongeza, akiionyesha injini. "Pamoja na mwenyewe."

Hapo ndipo nafasi yake ilipokuwa. Kile alichokiota miaka tisa kilikuwa kimelala juu ya kitambaa, vipande vipande, na alichotakiwa ni kukunja mikono tu.

Akainama. Akapitisha kidole ndani ya silinda, akakizungusha, akakitazama. Akaishika fimbo ya pistoni, akaitikisa, ikakaa imara. Alitafuta ubovu kwa bidii ya mtu anayetaka kuupata. Hakuupata.

"Itolewe wapi?" akasema. "Injini hii ni nzima. Mbovu ni mkono."

"Una maana gani?" rubani akauliza.

"Maana yangu ni hii. Nawaambia na ulimi unaniwasha. Yangu ni nzito, haifai. Hii itiwe pistoni mpya na ringi mpya. Kila silinda ina plagi mbili, kila plagi na njia yake ya moto, moja ikizimika nyingine inabaki. Tufunge saa ya joto mbele ya macho yako. Kila ukifikisha saa hamsini angani, uilete niichungulie. Na kila unaporuka, jicho moja litafute pa kutua, kwa sababu kila injini huchoka siku moja."

"Na oili?"

Bi Plagi akafungua mfuko, akatoa chupa yenye sungura.

Rubani akaipokea kwa mikono miwili. Midomo ikamtetemeka, akajikaza, akashindwa, akaangua kicheko. Mama akafuata. Seremala akafuata mpaka akaketi chini. "Kumbe inanyonya!" mama akasema huku anajifuta macho. "Inanyonya, jamani!"

*

Kazi ilichukua wiki tatu. Rubani alimsomea kitabu cha injini ukurasa kwa ukurasa, na palipokuwa pagumu Bi Plagi alimwambia, "Soma tena, polepole, mwandishi huyu anaongea kama ana deni." Kwa kuwa injini ilikuwa nyepesi kuliko mchoro ulivyotaka, wakasogeza betri mbele ili pua ikae sawa. Wakaiungurumisha kwenye tela saa moja na nusu, siku tatu mfululizo. Siku ya tatu Bi Plagi alileta paka.

Paka alilala.

Ndipo wakaipeleka uwanjani, nje ya mji, kwenye majani mafupi. Rubani akapaa peke yake kwanza, kama sheria ilivyotaka. Ndege ikakimbia, ikaruka kidogo kama inayoona haya, ikashika hewa. Ilizunguka mara tatu, ikatua, ikarudi polepole ikitikisa mkia. Seremala alikuwa amekaa kwenye majani amefunika uso, anauliza, "Imeshuka? Imeshuka?" nayo iko mbele yake.

Baada ya kuirusha peke yake siku kadhaa, rubani akaja kumwita Bi Plagi.

"Kilichobaki ni wewe."

"Marehemu baba alikuwa na kanuni," Bi Plagi akasema, akijifunga kitambaa kichwani kwa mafundo mawili. "Fundi akifunga breki, yeye ndiye abiria wa kwanza kukaa kiti cha mbele. Twende."

Ardhi ilipowaachia, hakupiga kelele. Alifumba macho.

"Fungua uone!" rubani akamwambia kwa sauti.

"Ngoja, naisikiliza!"

Aliisikiliza mpaka akaridhika. Alipofungua macho, mji wote ulikuwa chini umekaa kama vyombo kwenye sinia. Aliona karakana ya seremala. Aliona karakana ya baba yake, ndogo kama kiberiti. Akaona nyumba yake na kibanda nyuma yake, na ghafla akapiga goti lake kwa kofi.

"Bati la tatu limeng'oka msumari! Ndiyo maana panavuja! Miaka miwili nautafuta mvujo huo!"

Walicheka wawili wao huko juu hadi ndege nayo ikayumba kidogo, na rubani akasema, "Mama, tulia, nitaangusha kazi yako."

Walipotua, mama yake alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Seremala akamwita Bi Plagi mbele ya kila mtu aliyekuwapo, mara tatu, bila sababu, ili masikio yazoee. Tangu siku hiyo mashine zinazoletwa kibandani ni zile ambazo zikifa mtu hulia.

Injinia naye alikuwapo. Alikuwa amesimama nyuma, bila kalamu. Watu walipotawanyika akasogea, akamwinamia dada yake sikioni.

"Mdogo wangu," akanong'ona, "nilikosea."

"Sisikii," Bi Plagi akamjibu. "Injini imenijaza masikio."

Alikuwa amesikia vizuri sana. Ila uongo ule haukunong'onwa. Ulisemwa mlangoni mwa karakana ya baba yao, kwa sauti kamili, mbele ya watu kumi na wanne. Mmoja wao ameshafariki, wawili wamehama. Kumi na mmoja wapo, na Bi Plagi anajua nyumba zao zote. Kaka yake anadaiwa maneno matatu: "Injini niliiunguza mimi." Mlango ni uleule, haujahamishwa. Hajayasema.